C ya Kidato cha Nne si C ya Kidato cha Sita

Ukipata 45 kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha nne, matokeo yanaandika C. Ukipata 45 hiyohiyo kidato cha sita, yanaandika E. Mwenye 30 kidato cha nne kafaulu, ana D yake. Mwenye 30 kidato cha sita ana F, na hata 34 bado ni F. Baraza la Mitihani halijaficha kitu, viwango vyake viko hadharani. Hata hivyo matokeo yakitoka Januari, kuanzia Makorora hadi Raskazone, hapa Tanga, watu hukaa kuchagua tahasusi, yale masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, kwa kuhesabu herufi. "Ana C tatu za sayansi huyo, mpelekeni PCB," yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mambo huanza kwenda kombo hapo, mtoto hajanunua hata godoro la bweni.

Viwango vyenyewe ni hivi. Kidato cha nne A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, kisha kuna S ya 35 hadi 39, na chini ya hapo ni F. Tazama upana wa ile C ya kidato cha nne: alama 20 nzima zimefunikwa na herufi moja. Mwenye 45 na mwenye 64 wanatoka na karatasi zinazofanana, wanajaza fomu ileile, wanaketi dawati moja. Mmoja alikuwa anaigusa B, mwenzake amesimama ukingoni mwa D. Wapime kwa kipimo cha kidato cha sita: mwenye 64 ana C, mwenye 45 ana E, tena hapo tumejifanya kwamba mada hazikuzidi ugumu.

Kwa kuwa Baraza hutoa herufi bila alama ghafi, alama hizo inabidi zitafutwe kwingine. Ziko shuleni alikotoka mtoto: moko (mtihani wa kujipima kabla ya ule wa taifa) ya mkoa, moko ya wilaya, majaribio ya mwisho. Mwalimu wa taaluma anazo. Chukua tatu za mwisho kwa kila somo, tafuta wastani. Kwa maoni yangu, somo ambalo wastani wake haufiki 55 halifai kuwa mguu wa tahasusi, labda iwe kuna sababu inayoeleweka, kwa mfano mwalimu alihama na kipindi kikakaa wazi miezi mitatu. Wazazi wengi wanaona haya kurudi shuleni kuomba alama hizo baada ya mtoto kumaliza. Hakuna la kuonea haya, ni za mwanao.

Baada ya wastani, angalia alama zimetoka wapi ndani ya somo. Hili ndilo jambo ninaloona linapuuzwa kuliko yote. Kemia ya kidato cha nne unaweza kuipatia C kwa vifaa vya maabara, maji magumu na maji laini, moto na aina zake, uchafuzi wa hewa, na hesabu za moli ukaziacha kabisa. Ukifika kidato cha tano, moli zinakusubiri mlangoni. Mizania ya kikemia inazitaka, elektrokemia inazitaka, tindikali na besi zinazitaka, na kila kazi ya maabara yenye bureti inaishia kwenye hesabu ya moli. Aliyezikwepa atasoma miaka miwili akidai Kemia ya Fizikia ni ngumu, kumbe kinachomkwamisha ni mada moja ya kidato cha tatu. Fizikia nayo ina mtego wake: kuanzia umakanika tu inaanza kutumia kalkulasi, na mwanafunzi wa PCB ambaye alichagua PCB "ili akimbie hesabu" anakutana na hesabu ndani ya Fizikia. Kwa hiyo kabla ya kuandika PCB au PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), mtoto apewe karatasi tupu na maswali matano ya moli, matano ya trigonometria na matano ya logariti, bila daftari, saa moja na nusu. Akipata nane kati ya kumi na tano ana pa kuanzia. Akipata tatu, C zake zilitoka kwenye kukremu.

Mkoa wetu una kishawishi chake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, hapa hapa Tanga. Bandari imeongezwa kina na gati, na Pongwe kuna saruji. Basi kila mjomba anayelipa nauli na godoro ana neno moja: "Mwanangu, soma PCM, kazi za bomba hizo." Mjomba hana nia mbaya. Ila PCM haimtoi mtu akiwa mchomeleaji wa mabomba, wala fundi umeme wa viwandani, wala mwendesha mtambo wa kunyanyua mizigo. Kazi hizo zina njia yake, VETA na vyuo vya ufundi, na njia hiyo inafunguka baada ya kidato cha nne bila kupitia kidato cha tano hata siku moja. PCM inamwandaa mtu kuomba shahada ya uhandisi, miaka minne zaidi baada ya kidato cha sita, na inamwandaa endapo tu atapata Fizikia na Hisabati za kumfikisha. Kijana mwenye mikono mizuri na Hisabati ya 46 anayepelekwa PCM kwa ajili ya bomba anaweza kuikosa bomba na akaikosa shahada.

Sasa tufike kwenye hesabu ya pointi, maana hapa hata walimu huchanganya. Kuna ngazi mbili, na zinapanda kinyume. Kwa Baraza la Mitihani, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Zinajumlishwa kwa masomo matatu ya tahasusi: pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, 20 na 21 ni sifuri. Huku pointi chache ndiyo sifa. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mambo yanageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na sharti la chini kabisa la kuingia shahada ni prinsipo mbili, yaani A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, kutoka masomo ambayo kozi yenyewe inayataka. S si prinsipo.

Chukua vijana wawili wa PCM. Wa kwanza ana Fizikia C, Kemia S, Hisabati E. Wa pili ana Fizikia E, Kemia C, Hisabati S. Jumlisha kwa ngazi ya Baraza: 3 na 6 na 5 ni 14, 5 na 3 na 6 ni 14. Wote daraja la tatu, pointi sawasawa, na nyumbani wote watapikiwa pilau sawa. Lakini wakienda kuomba uhandisi, unaotaka Fizikia na Hisabati, wa kwanza ana 3 na 1, jumla 4, ameingia mlangoni japo kwa kujibana, na bado atashindania nafasi na wenye pointi nyingi zaidi. Wa pili mlango umefungwa, kwa kuwa S yake iko kwenye Hisabati. Pointi zake 4 zinatoka kwenye Fizikia na Kemia, zitampeleka kwingine, pengine ualimu wa sayansi, lakini si kwenye uhandisi alioutaka. Kilichowatofautisha ni mahali S ilipotua.

Kwa hiyo mwanafunzi akishajua anataka kozi gani, masomo matatu hayana uzito sawa tena. Mawili yanabeba, moja linasindikiza. Kwa udaktari wa binadamu yote matatu yanabeba, na ndiyo maana ni njia nyembamba: TCU inataka prinsipo za Fizikia, Kemia na Baiolojia, angalau D katika kila moja, jumla 6. Mwenye D, D, E ana daraja la tatu la pointi 13, si mtu aliyeshindwa, lakini udaktari kaukosa kwa herufi moja. Mwenzake wa HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) mwenye C, C, D ana pointi 10 za Baraza, daraja la pili, na kwa masomo yake mawili bora ana 6 za TCU. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa akiitwa "wa arts" kwa sauti ya kubeza. Simaanishi kwamba sayansi ikimbiwe. Nasema aliyepata sayansi kwa 46 ajue anakwenda kupambana na nini, kwa hesabu.

Kuna makosa mengine ya tahasusi yanayojirudia ambayo dawa yake ni kusoma mwongozo wa TCU kabla ya kuchagua, si baada ya matokeo ya kidato cha sita. Mtoto anataka udaktari, anaogopa Fizikia, anachagua CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) kwa kuwa "Kemia na Baiolojia zimo". Fizikia haimo, na bila Fizikia hakuna udaktari, hata apate A tatu. Mwingine anataka uhandisi wa ujenzi akiwa PCB. Hisabati ya Juu haimo. PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) kwa upande wake inadharauliwa bure, wakati ina Fizikia na Hisabati ndani yake na inafungua uhandisi wa aina nyingi isipokuwa ule unaotaka Kemia.

Halafu kuna BAM, hisabati tumizi ya msingi. Wanafunzi wa PCB, CBG, HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) huisoma kama somo la ziada, haihesabiwi kwenye daraja, basi vipindi vyake ndivyo vya kulala na kufulia soksi. Kozi kadhaa za biashara, uchumi na kompyuta zinasema hivi kwenye masharti yake: kama huna Hisabati ya Juu, leta ufaulu wa BAM, au alama nzuri ya Hisabati ya kidato cha nne. Mwanafunzi wa HGE mwenye B ya Uchumi na F ya BAM hujikuta akiomba kozi zisizohusiana na Uchumi wake. Saa tatu kwa wiki za BAM kwa miaka miwili ni bei nafuu kwa mlango kama huo.

Tanga tuna ugonjwa mmoja wa peke yetu, nao ni Kiswahili. Mtoto wa Tongoni, wa Kigombe, wa Machui alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, anaona K kwenye HGK au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) ni ya bure: lugha nimeinyonya. Lugha ameinyonya kweli, na kwenye insha na ushairi itamfaa, ana msamiati ambao mtoto wa bara atautafuta kamusini. Lakini mtihani haumwombi azungumze. Unampa sentensi, kwa mfano "Wavuvi wa Tongoni wametweka matanga mapema", na kumwambia aichanganue kwa kielelezo cha matawi. Anatakiwa aone kundi nomino, "wavuvi wa Tongoni", lenye nomino na kivumishi cha a-unganifu, kisha kundi tenzi, "wametweka matanga mapema", lenye kitenzi, nomino na kielezi. Halafu achukue "wametweka" peke yake aikate: wa- ya upatanishi wa nafsi ya tatu wingi, -me- ya hali timilifu, -twek- mzizi, -a kiishio. Kutweka tanga kamwona babu yake akitweka tangu hajaota meno, ila kukata neno vipande na kukipa kila kipande jina lake ni ufundi mwingine, unafundishwa na kufanyiwa mazoezi. Fonolojia, mofolojia, sintaksia, nadharia za fasihi, historia ya lugha: ni masomo ya sayansi ya lugha. Mswahili asiyeyasoma atapigwa na Msukuma aliyeyasoma, na itakuwa halali.

Hali hiyohiyo iko kwa Kiarabu kwa waliopitia madrasa. Kusoma msahafu vizuri ni jambo moja, kuandika aya tano zenye nahau sahihi ni jingine. Na Jiografia, kimbilio la wanaosema hawataki namba, karatasi yake ya kwanza ina usomaji wa ramani, upimaji na takwimu. Uchumi kinyume chake una haki moja nzuri: kwa kawaida haufundishwi kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa hiyo wote wa HGE na EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) wanaanzia mstari mmoja. Anayetoka shule ya kata isiyo na maabara hana deni la miaka minne kwenye Uchumi. Kwenye Fizikia analo.

Deni hilo huonekana vizuri mkononi kuliko kwenye daftari. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano kalkuleta ya sayansi umwambie atafute sin 30. Kioo kikionyesha 0.5, iko kwenye digrii, kikionyesha −0.988, iko kwenye radiani. Wengi hawajawahi kujua kwamba kitufe cha kubadili digrii na radiani kipo, maana Hisabati ya kidato cha nne waliifanya kwa majedwali, kalkuleta ilikatazwa. Sasa Hisabati ya Juu inakuja na swali zima la kalkuleta kwenye karatasi ya kwanza, na mada ya njia za kinamba inayotaka radiani. Mwanafunzi anatafuta eneo chini ya sin x kutoka 0 hadi 1 kwa kanuni ya trapezi, hatua zote safi, mwandiko unavutia, jibu lake 0.0087. Jibu sahihi ni karibu 0.46. Kalkuleta ilikuwa kwenye digrii. Ukiona kijana wa PCM au EGM ananunua kalkuleta wiki ya mtihani, au anaazima ya jirani ambayo vitufe vyake havifanani na vya ile aliyoizoea, hizo alama kazitoa sadaka. Inunuliwe Julai ya kidato cha tano, itumike hiyohiyo hadi mwisho, na betri ibadilishwe Aprili.

Karatasi hiyo ya kwanza ya Hisabati ya Juu, kwa muundo uliozoeleka, ina maswali kumi ya lazima kwa saa tatu, dakika 18 kila moja. Ya pili ina sehemu A ya maswali manne ya lazima, alama 15 kila moja, na sehemu B ya kuchagua mawili kati ya manne, alama 20 kila moja. Wajanja husoma mada mbili tu za sehemu B. Ikitokea moja imetungwa kwa namna ya kikatili, wamebaki na mguu mmoja. Mada tatu ndiyo bima.

Maabara ni vivyo hivyo. Aliyetoka shule yenye bureti mbili kwa darasa la watu 60 hajawahi kuishika, alisimama nyuma akinakili namba za wenzake. Kidato cha sita anakuta peke yake kwenye benchi pamanganeti ya potasiamu na oksaleti. Asipopasha oksaleti hadi nyuzi 60 au 70 hivi, rangi ya zambarau inagoma kupotea kwenye matone ya kwanza, naye anadhani kashafika mwisho wakati hata hajaanza. Akimimina kwa pupa, au asidi ya salfyuriki ikiwa haitoshi, mchanganyiko unageuka kahawia na jaribio limeharibika. Hakuna kiashirio cha kuongeza hapo, pamanganeti yenyewe ndiyo kiashirio, mwisho ni waridi hafifu inayodumu kama nusu dakika. Na kwa kuwa pamanganeti ni zambarau iliyokolea mno, huoni kitako cha mbinuko wa uso wake, kwenye bureti unasoma ukingo wa juu, tofauti na ulivyozoea. Kisha lile jaribio la kwanza la kukadiria haliingizwi kwenye wastani. Kila kimoja cha hivi ni kidogo, na kila kimoja kinakula alama. Havijifunzwi kwa kupiga msuli wa usiku. Vinajifunzwa kwa kuomba ufunguo wa maabara Jumamosi, na kwa mwalimu kukubali kuutoa.

Muda nao unahesabiwa vibaya. Watu husema "miaka miwili". Masomo yanaanza Julai, mtihani unaanza Mei ya mwaka wa pili kutoka hapo. Ni miezi 22 kwa kalenda. Toa likizo, toa wiki za moko na mitihani ya ndani, unabaki na pungufu sana. Mtaala unatakiwa uishe kabla ya moko ya mwanzoni mwa mwaka wa mtihani. Ndiyo maana Julai hadi Desemba ya kidato cha tano, miezi ambayo wengi huiita ya kuzoea mazingira, ndiyo inayoamua. Mada za mwanzo ndizo msingi wa zilizobaki, na ndizo zinazofundishwa wakati nusu ya darasa bado haijaripoti. Tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita kwenye shule za serikali imefutwa, lakini nauli ya kutoka Tanga hadi Songea au Tabora haijafutwa, wala ndoo, shuka na godoro. Familia inayosubiri mavuno au mchango wa ukoo hadi Septemba inampeleka mtoto darasani wiki ya tisa. Bora aende na ndoo na daftari, godoro lifuate.

Kuhusu kuchagua kwenyewe: mwanafunzi huwa alishajaza Sel-Form, fomu ya machaguo, kabla ya mtihani, na baada ya matokeo TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia shule, hufungua mfumo kwa wiki kadhaa ili abadilishe. Nafasi hiyo ni ya dhahabu na inatumiwa ovyo. Picha iliyozoeleka kwenye stesheneri za Ngamiani ni hii: mtoto amesimama nyuma, mzazi pembeni, kijana wa stesheneri ndiye anayebonyeza, foleni iko mlangoni. Anauliza "PCB ya kwanza, ya pili niweke nini?" na jibu linatolewa papo hapo. Nenosiri analitunga yeye, analiandika kwenye daftari lake, na baada ya wiki mbili halipatikani. Machaguo yaandikwe nyumbani kwa mpangilio, kwenye karatasi, mtoto mwenyewe aingize namba yake ya mtihani na nenosiri lake, na kabla ya kutoka asome kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Chaguo la pili na la tatu yapewe uzito kama la kwanza, kwa sababu wengi huangukia hapo. Anayeweka PCM, kisha PCB, kisha CBG kwa mfuatano wa heshima tu hajapanga kitu. Anayetaka uhandisi angefuatisha PCM na PGM.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65 kutoka 16, zikiwemo za lugha, biashara, sanaa na michezo. Ni jambo jema kwa mtoto ambaye kipaji chake hakikuwa na herufi tatu. Ila tahasusi kwenye orodha si mwalimu darasani. Ukipangiwa shule, uliza mambo mawili kwa simu kabla ya kufunga begi: masomo haya matatu yana walimu wangapi wanaofundisha kidato cha sita sasa hivi, na mwaka jana wanafunzi wa tahasusi hii walipata nini somo kwa somo. La pili huna haja hata ya kuuliza, matokeo ya kila shule yako kwenye tovuti ya Baraza. Usitazame madaraja ya shule nzima. Tafuta wa tahasusi yako, angalia somo lako linalobeba: F ngapi, S ngapi.

Wapo watakaofika na kugundua wamekosea. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, lakini kwenye tahasusi kuondoka kuna msimu. Ndani ya shule ileile, kama tahasusi unayoitaka ipo, alama zako za kidato cha nne zinaruhusu na nafasi haijajaa, mkuu wa shule anaweza kukusikiliza wiki za mwanzo. Kadiri muda unavyokwenda, sajili inafungwa na mada zinakupita upande wa pili. Kwa hiyo usingoje mtihani wa Desemba ukuambie. Mwisho wa wiki ya nne chukua maswali ya zamani ya mada mliyokwisha kufundishwa, mawili kwa kila somo, uyafanye kwa saa, umpelekee mwalimu asahihishe kwa kipimo cha kidato cha sita, ile C ya 60. Ukiona 38 kwenye somo la kusindikiza, ongeza saa za maabara na mazoezi. Ukiona 20 kwenye somo linalobeba, na yale maswali ya moli uliyopewa nyumbani hukuyafikia, mpigie mjomba jioni hiyohiyo, na kesho asubuhi uwe mlangoni kwa mwalimu wa taaluma.